Hodi ya Njia ya Maji

Mama yangu anaamini mbingu haina mwenyewe ila Mungu, na Mungu hajawahi kumdai mtu kibali. Ndiyo maana kila anaponiona nimeinamia simu, natazama ramani ya anga kabla ya kurusha droni, hucheka kwa pua. "Nyuki wako leo anaomba ruhusa kwa nani?" huniuliza. Yeye huiita nyuki kwa sababu ya ule mlio wake, na nyuki, kwa hesabu za Mama, huenda anakotaka.

Mimi siendi ninakotaka. Naishi Masasi, nafanya kazi ya kupiga picha za harusi, mashamba ya korosho na mabati mapya ya watu wanaotaka kuonyesha nyumba zao kwa ndugu walio mbali. Droni yangu ni ndogo, ukiikunja inaingia kwenye mkoba wa kawaida. Lakini kabla haijanyanyuka lazima nijue kama hapo juu pana njia ya ndege, kama jirani pana kambi, kama uwanja uko karibu, na kama karibu nami wako watu wasiopenda kutazamwa. Bwana harusi mmoja wa Lukuledi alininunia mbele ya wageni wake kwa sababu bibi harusi alikuwa anashuka garini na mimi bado nimesimama na simu, nasubiri ramani ifunguke. Nilimwacha anune. Kununa hakuangushi ndege.

Sasa, kisa chenyewe. Mimi nilizaliwa njiani, katika njia ya maji ya Newala.

Aliyewahi kuishi Newala hahitaji kuelezwa. Mji umekaa juu ukingoni mwa nyanda, una upepo mzuri, ofisi na soko, lakini maji yako chini kabisa, bondeni upande wa Ruvuma. Zamani wanawake walishuka ule mteremko na vyombo vitupu, wakapanda navyo vimejaa, na safari moja ilikula asubuhi nzima. Mama alikuwa bibi harusi mpya katika ukoo wa baba yangu. Alishuka na mimba yangu na debe kichwani, pamoja na wifi yake, yaani shangazi yangu, na wakati wa kupanda uchungu ukamkamata. Wakamlaza kwenye jiwe ambalo wanawake walizoea kupumzikia. Hapo ndipo nilipoikuta dunia.

Mama huisimulia habari hiyo kama mtu anayesimulia ushindi wa mpira. "Nilishuka na debe tupu na tumbo," husema, "nikapanda na debe limejaa na mtoto mgongoni, na hata tone halikumwagika!" Shangazi akiwapo, hapo ndipo hucheka mpaka kanga inamdondoka begani. "Hata tone!" hurudia, akijipiga mapaja. "Jamani, hata tone!" Mama hukasirika, Shangazi huendelea kucheka, na chai hupoa. Nimekua nikiliona jambo hilo, na nilidhani ni utundu wa mawifi tu.

Nilikuwa bado nanyonya wazazi wangu walipohamia Lupaso kulima, na baadaye tukawa watu wa Masasi. Kwa hiyo sikuwahi kuliona jiwe langu. Ningeweza kushuka mwenyewe, miguu ninayo, lakini Mama alikataa. "Ukienda peke yako utaonyeshwa jiwe lolote," alisema. "Mteremko wote ule ni mawe." Wanaolijua ni wawili, yeye na Shangazi, na magoti yao wote wawili yalikwisha staafu. Mwaka huu aliniambia neno moja ambalo lilinikaa: "Nataka nikuonyeshe ulipozaliwa, mimi mwenyewe, kwa kidole changu. Nisije nikafa ukabaki na hadithi."

Nikamwambia, Mama, nyuki yupo.

Mara ya kwanza tulikwenda masika yalipokwisha. Nilikodi gari, tukaviacha vilima vya mawe vya Masasi nyuma yetu, tukapanda nyanda, Mama amevaa kitenge cha sikukuu kana kwamba anakwenda kuposa. Shangazi anakaa ukingoni kabisa. Nyuma ya jiko lake ardhi inaisha na bonde linaanza. Wakaweka mkeka na viti. Majirani wakaja. Nikafungua ramani.

Duara jekundu la uwanja mdogo wa ndege wa Newala lilikuwa limefunika jiko la Shangazi, kitalu chake cha miche ya mikorosho, na karibu nusu ya mteremko. Chini zaidi ramani ilinionya kwamba bonde linaelekea mtoni, na ng'ambo ya mto ni nchi ya watu. Nikaikunja droni nikairudisha kwenye mkoba.

"Vipi?" Mama akauliza.

"Hapa haparushwi bila kibali."

"Ndege gani inatua leo? Umeiona? Mimi siku nzima sijasikia ndege."

"Mama, ndege nisiyoisikia ndiyo itakayonigonga."

Shangazi alitazama mkeka, akatazama viti, akatazama kitenge cha Mama. "Kwa hiyo umemleta mama yako kutoka Masasi aje kunusa upepo," alisema. Majirani wakacheka. Mimi sikucheka. Ninayo hasira ya karibu, nimeirithi kwa huyohuyo aliyekaa kwenye kiti, na tulirudi Masasi kila mmoja akitazama dirisha lake.

Nikaomba kibali. Nilikuwa nimejiandaa kwa mashaka, lakini afisa aliyenipigia simu alikuwa kijana mwenye sauti ya upole, na maswali yake yalikuwa ya maana. Akaniuliza nitaruka wapi, saa ngapi, na kwenda juu kiasi gani.

"Siendi juu," nikamwambia. "Nashuka."

"Mama, samahani. Unaomba kibali cha kuruka au cha kushuka?"

Nikamweleza: nitasimama ukingoni, droni itapita chini ya miguu yangu, itafuata mteremko hadi kwenye jiwe moja na chemchemi moja, halafu itarudi. Akauliza kuna nini kwenye hilo jiwe. Nikamwambia ndipo nilipozaliwa. Nikasikia akicheka, kicheko kizuri kabisa, na akasema hajawahi kuandika sababu ya namna hiyo. Kibali kilipokuja kilikuwa na masharti yake: asubuhi tu, nisipande juu ya usawa wa ukingo, nisielekee mtoni. Nikamsomea Mama. Alifikiri, kisha akasema kwamba hiyo ndiyo mara yake ya kwanza kusikia ndege inayokatazwa kwenda juu.

Tulirudi Newala wakati wa likizo ya Juni. Asubuhi ya nyanda ilikuwa baridi, ukungu umelala bondeni, na kutoka kwenye mikorosho ulisikika mngurumo wa mashine za kupulizia salfa, ile dawa ya mikorosho, maana wakulima nao huwahi kabla upepo haujaamka. Shangazi alikuwa amechemsha mihogo. Nilimwamkia shikamoo nikiwa nimeinama natafuta nyaya zangu, akaitika marahaba, nikaendelea na kazi. Ramani nikaiangalia tena, maana kibali cha jana hakijui ya leo. Safi. Upepo hakuna. Betri imejaa. Nilikuwa na furaha hata nikaanza kuimba.

Hapo akafika mwenyekiti wa kitongoji, baba mmoja wa makamo, ana koti kubwa na adabu kubwa zaidi. Nilikuwa nimempelekea habari tangu juzi. Akawaamkia wazee, akakaa, akala kipande cha muhogo. Halafu akaniomba nimwonyeshe njia ya droni. Nikamwonyesha kwenye simu.

"Juu kumeruhusiwa," alisema. "Sina neno. Lakini chini hapo, mama, vijana wako kumbini."

Kila anayetoka huku anajua maana ya maneno hayo. Watoto wa kiume walikuwa wameingia jandoni likizo hiyo, kumbi lao limejengwa porini kwenye mteremko uleule, na mwanamke halitazami kumbi. Halitazami kwa macho, na hakuna mzee aliyewahi kukaa kitako kuamua kama anaweza kulitazama kwa kioo cha simu. Mimi niliamua papo hapo. Hakuna ramani ya anga iliyokuwa na duara lile, lakini lilikuwapo, na lilikuwa jekundu kuliko la uwanja wa ndege.

"Tuwapigie simu wazee wa kumbi," nikasema, "watuelekeze tupite upande gani."

"Simu haziingii kumbini," mwenyekiti akasema kwa upole. "Na mimi siwezi kushuka nikarudi kabla upepo haujaanza. Subirini vijana watoke. Ni mwisho wa likizo tu."

Mwisho wa likizo kibali changu kitakuwa kimekwisha. Nilisema sawa. Niliisema kwa meno yaliyobana, natamani kumtupia mtu muhogo, lakini niliisema, na nikaanza kukunja mabawa. Sikuthubutu kumtazama Mama. Nilijua nikimtazama nitalia, na mtu wa umri wangu akilia mbele ya mwenyekiti wa kitongoji habari itafika Masasi kabla yake.

Mama ndiye aliyesema. Hakusema na mimi, alisema na Shangazi. "Wifi. Wakati tunashuka maji, kumbi halikuwapo?"

"Lilikuwapo kila mwaka," Shangazi akajibu.

"Na maji tuliacha kuteka?"

"Tungekunywa nini?"

Mwenyekiti akaweka muhogo wake chini. Uso wake ulibadilika polepole, ukawa wa kitoto. "Mlikuwa mnapiga hodi," alisema. "Mlikuwa mnasimama hapo ukingoni mnaimba. Mimi nilikuwa ndani! Tukisikia sauti za wanawake tunaambiwa jifunikeni, na mzee mmoja anawajibu mpite wapi."

Nilikuwa sijui. Nimekaa Masasi miaka yote hiyo nikidhani mimi ndiye wa kwanza katika ukoo wetu kuuliza kabla ya kupita, kumbe mama yangu alikuwa akiomba njia kila asubuhi na debe kichwani.

Kisha ikawa vita ya maneno ya wimbo. Mama alisema unaanza hivi, Shangazi akasema huko ni kuanza kwa watu wa Lupaso, sisi wa hapa hatujawahi kuimba hivyo. Mama akamkumbusha kwamba yeye aliolewa hapa. Shangazi akamkumbusha kwamba yeye alizaliwa hapa. Mwenyekiti akatazama jua. Mwishowe wakashikana mikono, kwa ajili ya magoti, wakasogea hadi ukingoni, na wakaimba kila mmoja maneno yake. Hayakugongana sana. Wenye mwitu, hodi. Tunapita na vyombo vyetu. Macho yetu yako njiani. Sauti za vikongwe wawili zilitoka nyembamba, zikapata nguvu zilipokutana na bonde, na mwishoni Shangazi akapiga kigelegele kilichowaamsha kuku wa jirani.

Tukasubiri. Ukungu ulikuwa unaondoka.

Ikatoka sauti ya mwanamume kutoka porini, mbali, yenye mshangao ndani yake, maana sidhani kama walitegemea kupigiwa hodi kutoka nyuma ya jiko. "Piteni! Shikeni upande wa mianzi!"

"Mianzi ni kushoto," walisema Mama na Shangazi kwa pamoja, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kuwasikia wakikubaliana.

Niliirusha. Ilinyanyuka kidogo tu, ikavuka ukingo, ikazama. Kwenye kioo namba za kimo zikaanza kusoma chini ya sifuri, jambo ambalo kila mara hunifurahisha kama mtoto. Niliibana kushoto, juu ya mianzi, kamera nimeilaza itazame majani tu, mpaka mwenyekiti aliyekuwa anaifuata kwa macho aliposema, "Umepita." Ndipo nikainua kamera.

Nilikuwa nimemwambia Mama ajiandae kuona pori. Niliamini njia ilikwisha kufa. Lakini ilikuwapo, nyekundu, safi, inapindapinda kwenye mteremko, na ndani yake walikuwa wanapanda wanawake wenye madumu ya njano vichwani.

"Nani kakwambia njia imekufa?" Shangazi akasema. "Bomba langu lina wiki halijakohoa, na hao hodi zao huzipiga hukohuko chini. Mihogo uliyokula ilichemshwa na maji ya wapi?"

Wale wanawake waliusikia mlio wakatazama juu. Mmoja alipunga mkono. Mwingine akalishusha dumu lake haraka akalifunika kwa kanga, akidhani tunapulizia salfa, na Shangazi akamcheka kwa sauti kana kwamba yule anaweza kumsikia.

"Twende," Mama akasema. Alikuwa ameshika mkono wangu wa rimoti, nikamwomba auachie. "Si hilo. Si hilo pia. Hilo lilikuwa la wasichana wavivu. Hapo, kwenye kona. Hilo!"

Akaweka kidole kwenye kioo, na Shangazi akaweka chake palepale, na kamera ikaruka ikatuonyesha mawingu. Nikawafokea wote wawili, Mungu anisamehe, nikairudisha. Jiwe lilikuwa bapa, refu, limeinama upande mmoja, ukingo wake umelainishwa na miaka ya watu kukaa. Juu yake alikuwa amekaa mwanamke anafunga upya ngata yake. Akaiweka kichwani, akasaidiwa kutwikwa dumu, akaondoka, na jiwe likabaki peke yake ili nilione vizuri.

"Hapo," Mama akasema. "Kichwa chako kilikuwa upande huu." Machozi yalinijia na sikuyazuia, mwenyekiti atajijua mwenyewe. Nilikuwa na furaha ambayo sina pa kuiweka. Kila mtu anayo siku ya kuzaliwa, na mimi sasa nilikuwa na mahali.

Tungeweza kuishia hapo. Lakini Shangazi akasema, "Sasa mwonyeshe chemchemi."

Mama akaondoa kidole kwenye kioo.

"Mwonyeshe, wifi. Jicho la nyuki wake liko hukohuko."

Nikaishusha kutoka kwenye jiwe. Nilidhani ni hatua chache. Njia ikashuka, ikapinda, ikashuka tena mahali ambapo mtu lazima ashike mizizi. Ikapita bonde dogo, ikashuka. Namba za kimo ziliendelea kuzama. Rimoti ikaanza kunilalamikia betri na bado sikuwa nimefika. Halafu, chini ya miti mikubwa, kitu kikang'aa.

"Mbali," nikasema.

"Mbali," akasema Mama. Alikuwa haangalii kioo. "Maji yale nilikuogesha nayo. Ulikuwa umejaa damu na mchanga, na debe lilikuwa hapo. Nikasema siwezi kumpokea mtoto wangu mchafu. Nikamimina yote."

"Yote," Shangazi akasema, na safari hii hakucheka.

"Na bibi yako mzaa baba, Mungu amrehemu, asingenielewa. Mkwe anarudi bila maji! Mimi siwezi kusimama. Huyu akashusha debe lake akaniachia, akachukua langu tupu, akashuka. Peke yake. Akapanda nalo limejaa. Halafu akapanda na yote mawili kwa zamu, anatua hili anarudia lile, mpaka juu. Tukakubaliana tuseme hata tone halikumwagika."

"Nilimdanganya mama yangu mzazi kwa ajili yako," Shangazi akaniambia. "Na huyu akanogewa, akaugeuza uongo kuwa utenzi."

Niliirudisha droni ikiwa inalia kila hatua, kupitia upande wa mianzi, kamera imelala, mpaka ikatua kwenye mkeka. Nikaweka rimoti chini. Nikampigia magoti Shangazi kwenye ule udongo wa nyuma ya jiko.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba." Akanitazama. "Si ulikwisha niamkia asubuhi?"

"Asubuhi nilikuwa natafuta nyaya."

Akanishika kichwa kwa mikono yote miwili, akakitikisa kama anayepima boga, halafu akacheka kile kicheko chake, na Mama akacheka naye, na mwenyekiti, ambaye hakuhusika, akacheka kuliko wote.

"Inuka basi," Shangazi akasema. "Maji ya chai yamekwisha. Dumu liko mlangoni."

Nikalichukua. Nikasokota ngata, nikasogea hadi ukingoni mahali waliposimama wao, nikavuta pumzi, nikapiga hodi. Niliimba vibaya. Nyuma yangu wakanisahihisha, kila mmoja kwa maneno yake, na kabla hawajamaliza kugombana sauti kutoka porini ikaniambia nipite.